Mgonjwa wa mapafu Muleba apewe muuguzi kabla ya mashine

Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Lothian, eneo la Scotland lenye mji wa Edinburgh. Timu iliyoongozwa na Hilary Pinnock iliwachukua wagonjwa 256 wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD, ikawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza liliwekewa mitambo nyumbani: kila siku mgonjwa alijibu maswali kuhusu kifua chake kwenye skrini, akaweka kidole kwenye kipima oksijeni, na majibu yakaenda kwa wahudumu waliokuwa wakiyatazama. Kundi la pili lilihudumiwa na kliniki zile zile bila mitambo. Baada ya mwaka mzima tofauti haikuonekana. Kwa wastani mgonjwa wa kundi la kwanza alilazwa hospitali mara 1.2 kwa mwaka kwa ajili ya ugonjwa huo, wa kundi la pili mara 1.1. Mtu anayepanga bajeti ya afya Muleba au Bukoba, mkoani Kagera, akikutana na takwimu hizo ana haki ya kuuliza: kama mashine hazikufua dafu kwa Waskoti, wenye umeme wa uhakika na lami hadi mlangoni, zitafanya nini kisiwani Goziba, ndani ya Ziwa Victoria? Swali ni zuri. Jibu linalotolewa haraka, kwamba basi kufuatilia wagonjwa wa mapafu kwa mbali ni anasa isiyotuhusu, ndilo ninalolipinga.

Tuanze na ukubwa wa tatizo, kwa sababu wengi wetu bado tunauona ugonjwa huu kuwa wa wazee wa Ulaya waliovuta sigara maisha yao yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba karibu asilimia 90 ya wanaokufa nao kabla ya kutimiza miaka 70 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi hizo sigara ni sehemu tu ya maelezo; sehemu kubwa ni moshi wa jikoni. Hapo jirani, wilayani Masindi nchini Uganda, watafiti waliwapima watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30, wakachapisha matokeo mwaka 2015: asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa huu, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo, na karibu wote waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni. Jambo lililowashtua watafiti ni umri. Takribani wagonjwa wawili kati ya kila watano walikuwa na miaka 30 hadi 39, yaani watu walio katikati ya nguvu zao, wenye watoto shuleni na mashamba ya kulima. Upande wa pili, katika vijiji vya Kilimanjaro, upimaji uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima wakiwa nao, na ni wachache mno kati yao waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo.

Sasa tazama Kagera, mkoa wenye watu karibu milioni 3, ukiwa na picha hizo mbili kichwani. Jiko liko nyuma ya nyumba ndani ya kibanja, limezungukwa na migomba, lina mafiga matatu na kijidirisha cha kupitishia mkono. Mvua ya Bukoba haina adabu. Inaweza kunyesha asubuhi hadi jioni, na inaponyesha mlango wa jiko hufungwa, kuni huwa na unyevu, na maharage huhitaji saa kadhaa motoni. Kwenye mialo ya ziwa wapo wanawake wanaobanika samaki, kichwa kikiwa juu ya moshi kwa saa nyingi. Viwandani kuna vumbi la kahawa, na tafiti zilizofanywa kwenye viwanda vya kahawa hapa nchini zimeonyesha kuwa wafanyakazi wake hulalamika kikohozi na kubanwa kifua kuliko wenzao wa kazi nyingine. Ongeza kifua kikuu. Kwa miaka ya 2021 hadi 2025 Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na mgonjwa akimaliza dawa zake za miezi 6 vizuri, vimelea vikaisha kabisa, bado mapafu yanaweza kubaki na makovu yatakayomsumbua mpaka uzee. Kwenye rejesta anaandikwa kuwa amepona, na hakuna anayemfuatilia tena.

Mgonjwa wa aina hii ana historia inayojirudia. Anaanza na kikohozi cha asubuhi anachokizoea. Baadaye anaona mlima wa kwenda kisimani umekuwa mrefu. Akienda zahanati anaambiwa ana pumu, au nimonia, au "kifua" tu, anapewa antibiotiki na dawa ya kikohozi, anarudi nyumbani. Kipimo cha kupuliza, spirometa, ambacho ndicho kinachotofautisha COPD na magonjwa mengine ya kifua, hakipo zahanati wala vituo vingi vya afya. Halafu siku moja anazidiwa. Kuzidiwa huku ndiko kunakoua, na kila mara anapozidiwa mapafu hupoteza kipande cha uwezo ambacho mara nyingi hakirudi. Kuna jambo moja hapa linalobeba hoja yangu yote: kuzidiwa hakutokei ghafla kama kuumwa na nyoka. Mara nyingi siku kadhaa kabla, makohozi huongezeka, rangi yake hubadilika kutoka nyeupe kuwa njano au kijani, mgonjwa huanza kulala ameketi, hukatiza sentensi ili avute pumzi. Anayepata matibabu mapema ndani ya siku hizo hupona haraka kuliko anayechelewa. Kwa anayeishi kisiwani Bumbire, siku hizo ndizo tofauti kati ya kupanda boti akiwa anatembea kwa miguu yake na kubebwa, tena kama upepo wa ziwa utaruhusu boti kuondoka.

Turudi Scotland. Watafiti wa Lothian walikuwa waaminifu katika kueleza walichokipima. Hawakulinganisha mgonjwa mwenye mashine na mgonjwa asiye na kitu. Makundi yote mawili yalikuwa na utambuzi sahihi wa ugonjwa, dawa za kuvuta, mpango wa maandishi wa nini cha kufanya siku ya kuzidiwa, dawa za akiba nyumbani, na mtaalamu wa kumpigia simu. Kilichoongezwa kwa kundi la kwanza ni mtambo peke yake, na mtambo peke yake haukuongeza kitu. Mimi nayasoma matokeo hayo kinyume na wanaoyatumia kufunga mjadala. Yanatuambia kwamba pale ambapo muuguzi na dawa vipo tayari, skrini haina la kuongeza. Kwa hiyo tukitafuta kinachomlinda mgonjwa tukitafute kwa muuguzi na dawa. Kwa Muleba, ambako vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokosekana, swali halisi ni kama simu inaweza kuvifikisha mahali ambapo havijawahi kufika.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Uingereza hiyo hiyo ilikuwa na utafiti mkubwa zaidi uliotoa matokeo mazuri. Ni kweli. Mradi wa Whole System Demonstrator ulihusisha wagonjwa 3,230 wa kisukari, moyo na COPD katika maeneo ya Cornwall, Kent na Newham, na matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja walikufa asilimia 4.6 ya waliofuatiliwa kwa mitambo dhidi ya asilimia 8.3 ya wengine. Ila wachumi walipopiga hesabu mwaka uliofuata, walikuta kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliopatikana uligharimu takribani pauni 92,000, bei ambayo hata Waingereza waliona hawaiwezi. Na kuna utafiti mwingine ambao wauza mitambo hawapendi kuutaja. Nchini Marekani, katika hospitali za wanajeshi wastaafu, wagonjwa 426 wa COPD waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kutambua dalili na kuanza dawa lenyewe nyumbani, huku likipigiwa simu mara kwa mara. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu katika kundi hilo walikuwa wamekufa watu 28, na katika lile la huduma ya kawaida watu 10. Sababu haikueleweka vizuri. Mimi nauchukua kama onyo: kumwachia mgonjwa uamuzi kwa kuwa tu amefundishwa, na kumpigia simu bila njia ya kumfikia, ni hatari inayovaa sura ya huduma.

Hapa kwetu tayari tuna ushahidi wa simu inayofanya kazi, na haukutoka Edinburgh. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini, unaanza na namba 115 isiyolipiwa. Mama mjamzito akipata tatizo, au mhudumu wa zahanati akiona hali si nzuri, anapiga. Upande wa pili yupo mtu wa zamu anayeuliza maswali kwa utaratibu, anaamua mgonjwa aende kituo gani, anaita gari la wagonjwa, na kama gari hakuna anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Ukiuchunguza utaona teknolojia yenyewe ni ya kawaida sana, kupiga simu na kutuma pesa. Nguvu yake imo katika mambo matatu: anayepokea simu ana mamlaka ya kuamua, dereva ana uhakika wa kulipwa, na kituo kinachompokea mgonjwa kinajua anakuja. Toa moja kati ya hayo, namba 115 inabaki kuwa namba ya kupunguza wasiwasi.

Kuna pia urithi mkubwa zaidi ambao tumeusahau. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na ni katika mpango huo kwamba Karel Styblo, mtaalamu mzaliwa wa Czechoslovakia, pamoja na Watanzania aliofanya nao kazi, walijenga utaratibu ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani kote kwa jina la DOTS. Mratibu wa wilaya mwenye pikipiki, rejesta yenye jina la kila mgonjwa, kadi ya matibabu, taarifa ya kila robo mwaka inayoonyesha nani amemaliza dawa, nani ametoroka, nani amekufa. Huo ulikuwa ufuatiliaji wa mapafu kwa mbali, kwa karatasi na kalamu, na dunia ilikuja kujifunza kwetu. Kagera nayo ina somo lake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliuumiza mkoa huu kuliko mingi. Leo mtu anayehudhuria kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, Rubya au Ndolage ana kadi, ana namba, ana tarehe ya kurudi. Asipotokea anapigiwa simu, na simu isipopatikana hutafutwa mtu wa kwenda kumwangalia nyumbani. Mwenye COPD akiacha kuja kliniki hakuna anayeshtuka, kwa sababu hakuna orodha aliyoandikwa. Hatuhitaji kubuni kitu kipya kabisa. Tunahitaji kuwaandika watu ambao hawajaandikwa.

Ningependa msomaji aone jambo lenyewe lingefanyikaje, kwa kuwa mipango ya afya hufa kwenye maelezo ya jumla. Mgonjwa anaanza kwa kuja mwenyewe, hospitali ya Rubya, Ndolage, Kagondo au ya rufaa ya mkoa pale Bukoba. Anapuliza kwenye spirometa, anatambuliwa ana nini, na makohozi yanapimwa ili isije ikawa ni kifua kikuu kinachoendelea. Anafundishwa kuvuta dawa, na hapa mambo madogo ndiyo yenye uzito: anayebonyeza kichupa cha salbutamol mdomoni bila kulinganisha na pumzi yake humeza sehemu kubwa ya dawa, wala haifiki kifuani. Chupa tupu ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa kichupa na kuzibwa vizuri pembeni, hutatua tatizo hilo. Madaktari wa Cape Town walionyesha tangu mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye pumu chupa ya namna hiyo inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Hakuna programu ya simu inayoweza kumshika mama mkono na kumwonyesha hivyo. Kabla hajaondoka, muuguzi anaandika hali yake ya siku njema: anapumua mara ngapi kwa dakika akiwa ametulia, kipima oksijeni kinasoma ngapi, anaweza kutembea hadi wapi bila kusimama. Anaandika pia simu ni ya nani, maana mara nyingi ni ya mume, ya mtoto au ya jirani.

Kisha simu. Muuguzi yule yule aliyemwona hospitali ndiye anayempigia, kila wiki katika miezi ya mwanzo na mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza baada ya kutoka wodini, kipindi ambacho hatari ya kurudi wodini ni kubwa kuliko wakati wowote. "Shikamoo mama. Jana usiku ulilala au ulikesha umekaa? Makohozi leo yana rangi gani? Ulifika kisimani?" Maswali ni machache na hayahitaji simu janja, simu ya kitochi inatosha. Yaulizwe kwa Kihaya pale inapobidi. Bibi wa Kamachumu atamwambia muuguzi kwa lugha yake mambo ambayo ujumbe wa Kiswahili uliotungwa Dar es Salaam hautayapata kamwe. Majibu yakionyesha hali inabadilika, muuguzi anamtuma mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende na kipima oksijeni mfukoni, ahesabu pumzi kwa dakika nzima, apige simu na kusoma namba. Hapo muuguzi anaamua: aanze prednisoloni na antibiotiki kutoka zahanati, au aje hospitali leo hii. Mzigo wake unahesabika. Simu 20 kwa siku za dakika 10 kila moja ni saa 3 na dakika 20. Kwa siku 5 ni simu 100 kwa wiki, na nusu ya siku inabaki kwa kliniki. Wahudumu hao wa jamii nao wamo kwenye mipango ya serikali: mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano.

Pingamizi la kwanza ninalolichukulia kwa uzito linahusu kipima oksijeni chenyewe. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa namba za kifaa hicho na vipimo vya damu. Kwa wagonjwa weusi ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya kutosha, asilimia 11.7 damu yao ilionyesha upungufu. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa hicho hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi ya ngozi huathiri usomaji wake. Hina, rangi ya kucha na mikono yenye baridi navyo hukidanganya. Mtu anaweza kusema: basi tunamkabidhi mgonjwa wa Muleba kifaa kinachomkosea zaidi mtu mweusi. Ndiyo maana napinga mfumo wowote unaoweka namba moja, tuseme 90, na kuiachia kompyuta iamue kwamba aliye juu yake yuko salama. Namba ya leo ilinganishwe na ya mgonjwa huyo huyo siku aliyokuwa mzima, na isomwe pamoja na hesabu ya pumzi na rangi ya makohozi. Aliyezoea 94 akashuka hadi 91 huku anahema ni mgonjwa, hata kama kifaa hakijalia. Hiyo ni kazi ya mtu anayemfahamu.

Pingamizi la mtandao na umeme lina nguvu kidogo kuliko linavyotajwa. Bukoba na Muleba wanaujua umeme wa mashaka. Kwa miaka mingi umeme wao ulitoka Uganda kupitia Masaka, na kukatika kwake si habari. Mfumo unaotegemea mtambo uliochomekwa ukutani na bando la intaneti utakufa mvua ya kwanza. Simu ya kawaida huchajiwa dukani au kwa sola, na kwenye visiwa ambako mawimbi hupatikana mahali fulani tu, mhudumu wa jamii anajua mahali hapo ni wapi. Suala la faragha ni zito zaidi. Kijijini, mtu anayekohoa na kupigiwa simu na hospitali kila wiki ataanza kusemwa kuwa ana kifua kikuu au virusi, na simu ikiwa ya jirani siri haipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa na usiri, lakini sheria haiko sebuleni simu inapopokelewa. Muuguzi aulize kwanza anaongea na nani, na mgonjwa achague saa ya kupigiwa. Asiyetaka simu kabisa atembelewe.

Wengine watasema fedha ziende kwenye chanzo, yaani moshi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono, na natamani kasi iwe kubwa zaidi. Ila pafu lililokwisha kuharibika halirudi kwa kununuliwa mtungi wa gesi. Mwanamke wa miaka 45 ambaye leo hawezi kupanda kilima bila kusimama mara tatu atazidiwa mara nyingi kabla ya 2034, na mkakati huo haujaandikwa kwa ajili yake. Kuna pia hoja ya malaria na vifo vya uzazi, kwamba hizo ndizo kazi za kwanza. Sikatai. Muleba inajua malaria kuliko wengi wanaoiandikia. Lakini wagonjwa wa kifua wapo kwenye foleni tayari. Wanarudi zahanati mara kwa mara, wanapewa antibiotiki zisizowasaidia, wanalazwa siku nyingi wakiwa mahututi na kutumia oksijeni ambayo ni ghali. Tunawatumia fedha hivi sasa, kwa njia mbaya kuliko zote.

Hofu yangu kubwa ni nyingine. Ni kwamba jambo hili litakuja siku moja kama mradi, na mfadhili wake, na vishikwambi vilivyobandikwa nembo, na warsha hotelini, litadumu miaka mitatu, kisha vishikwambi vitaishia kabatini. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, huduma za UKIMWI zilizojengwa kwa miaka zaidi ya 20 zilitikisika ndani ya wiki, pamoja na wafuatiliaji wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo. Kama mfumo ule mkubwa ulitikisika, huu mdogo wa mapafu usianze kwa kuegemea ukuta ule ule. Mshahara wa muuguzi, vocha yake, salbutamol na dawa ya kuvuta ya steroidi kwenye zahanati viwe ndani ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri tangu siku ya kwanza. Mfadhili akitaka kuchangia, anunue spirometa na afundishe watu kuitumia, kisha aende kwa heri.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani na waganga wakuu wa Muleba, Bukoba Vijijini na Manispaa ya Bukoba, kwa bajeti itakayoanza Julai. Msinunue mtambo wowote wa kuwekwa nyumbani kwa mgonjwa. Tengeni fedha za muuguzi mmoja wa mapafu kwa kila halmashauri, spirometa moja kwenye hospitali anayokaa, vipima oksijeni kwa wahudumu wa jamii wa visiwani na wa kata za mbali, na dawa za kuvuta zisizokatika kwenye zahanati. Fungueni rejesta, na majina ya kwanza yachukuliwe kutoka kwa waliomaliza dawa za kifua kikuu na bado wanakohoa, kwa sababu hao mnao tayari kwenye vitabu. Baada ya mwaka hesabuni waliolazwa na waliokufa, mtangaze matokeo hata yakiwa mabaya. Yakiwa mazuri, ndipo mzungumze na wauza mashine.